Nikisajili kampuni, nyumba yetu ya Magomeni itapona?

Shikamoo Mama,

Naomba jina langu mlihifadhi. Nina miaka 41, nina mume na watoto watatu, tunaishi Magomeni hapa Mtwara mjini. Kazi yangu ni kubangua korosho. Nilianza uani kwangu mwaka 2014 na sufuria moja la kuchemshia na kimashine kimoja cha mkono. Leo tuna banda Naliendele kwenye kiwanja cha mdogo wangu wa kiume, mashine 12 za mkono, oveni ya kukaushia, na kina mama 17 wanaobangua na kumenya. Wenye biashara tuko watatu. Mimi nahangaika na wateja na hesabu. Mdogo wangu ndiye mwenye kiwanja na ndiye fundi wa kila kinachoharibika. Wa tatu ni shoga yangu niliyesoma naye, yeye akishika korosho kiganjani anakutajia daraja lake hapo hapo. Mwaka 2019 tulisajili jina la biashara BRELA, ile ofisi ya serikali inayosajili biashara na kampuni, tukaandikwa wote watatu. Zaidi ya hapo hatujawahi kuandikiana kitu.

Msimu uliopita tulipata pigo. Mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam alitutangulizia shilingi milioni 9, tukapakia mzigo, ukafika una unyevu. Akaukataa wote. Tumeshamrudishia milioni 3, bado 6. Anapiga simu kila wiki, na simu anayoipiga ni yangu mimi.

Sasa Mjomba wetu, kaka yake mama, anayefanya kazi Dar es Salaam, amesema atatuinua. Atatoa milioni 30 tununue boila ya mvuke na mashine za kisasa, ila anataka tuwe kampuni, tuache mambo ya jina la biashara. Yeye achukue hisa asilimia 60, mimi 20, mdogo wangu 10, shoga yangu 10. Na hisa zake hataki ziandikwe kwa jina lake, anasema ana mambo yake kazini, ziandikwe kwa jina la mdogo wangu. Kijana mmoja wa steshenari anayesaidia watu kusajili ameshatuandalia karatasi. Kaweka mtaji wa milioni 500, hisa 5,000 za laki moja moja, anasema ndivyo kampuni inavyoheshimika kwenye zabuni.

Pamoja na hayo kuna mkopo wa benki wa milioni 25 wa kununulia korosho ghafi msimu ukifunguliwa Oktoba. Benki wamesema kampuni itakopa, lakini mimi kama mkurugenzi nisaini dhamana na niweke hati ya nyumba. Nyumba hiyo nimejenga na mume wangu tofali kwa tofali, yeye na boti zake Mikindani, mimi na korosho zangu. Nilipomweleza hakugomba, akasema tu, "Usisaini mpaka umuulize mtu anayejua."

Yule kijana wa steshenari yeye ananiambia, "Mama, ukishakuwa na Limited hakuna wa kukugusa. Kampuni ikianguka inaanguka yenyewe. Hata hilo deni la Dar liache huko huko kwenye jina la zamani." Shoga yangu kafurahi kusikia hivyo. Mimi moyo unakataa.

Na jingine, Mama. Mwezi wa nane binti mmoja kati ya wabanguaji aliungua mkono kwa mafuta ya maganda. Tulimpeleka hospitali ya Ligula tukamlipia kila kitu, amepona, kovu limebaki. Je, tukiwa kampuni, mambo kama hayo nayo yatakuwa ya kampuni?

Mbanguaji, Mtwara


Marahaba mwanangu,

Nianze na nyumba, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Kwa madeni ya kampuni, nyumba yenu itakuwa salama alimradi wewe mwenyewe usiitoe. Kwa deni la milioni 6 kampuni haiipi nyumba hiyo kinga yoyote leo, na haitaipa hata mkiisajili kesho asubuhi. Moyo wako umekataa kwa haki.

Jina la biashara ni jina tu, mwanangu. Ni kama mtu anayeitwa Baba Asha: ukimdai Baba Asha unamdai yeye mwenyewe, hakuna mtu wa pili nyuma ya lile jina. Ninyi watatu mnafanya biashara pamoja na kugawana faida, kwa hiyo kisheria ninyi ni wabia, hata kama hamjawahi kuandikiana mstari mmoja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ndiyo inayowatawala wabia nchini kwetu, na ubaya wake kwenu ni huu: mdai wa Dar es Salaam halazimiki kuwagawa mafungu matatu. Anaweza kumshika mmoja wenu kwa milioni 6 zote, kisha huyo aliyelipa ndiye awafuate wenzake. Anapiga simu yako kwa sababu namba yako ndiyo aliyonayo, na akienda mahakamani anaweza kuanza na wewe vile vile. Kampuni mtakayoisajili itakuwa haijazaliwa siku mlipopokea milioni 9. Haiwezi kubeba deni lililokuwepo kabla yake, mpaka iahidi kulibeba na mdai mwenyewe akubali kuwaachia ninyi. Huyo kijana wa steshenari anawafundisha kumkimbia mtu, na mkihamisha mashine kwenda kwenye kampuni ili mdai akute banda tupu, mahakama ina njia ya kuzifuata mashine huko zilikokwenda.

Sasa kampuni. Kampuni yenye ukomo wa hisa ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria. Ina jina lake, namba yake ya mlipakodi, akaunti yake na madeni yake. Jambo hili lilikazwa na majaji wa juu kabisa wa Uingereza katika kesi ya fundi viatu wa London, Aron Salomon, inayotajwa kwa mwaka 1897. Salomon aligeuza karakana yake kuwa kampuni yenye hisa 20,007. Yeye akachukua 20,001, na mkewe, binti yake na wanawe wanne wakapata moja moja. Kampuni ikaanguka, wadai wakasema huyu ni Salomon yule yule kavaa kofia nyingine, alipe yeye. Majaji wakakataa: kampuni ikishasajiliwa kwa kufuata sheria ni mtu mbali, hata kama mmoja ana karibu hisa zote. Sheria yetu ya Makampuni, Sura ya 212, iliyotungwa mwaka 2002, ina mizizi huko huko, na kesi hiyo mawakili wetu wanaitaja mpaka leo.

Mwenye hisa, basi, anapoteza kile alichokiweka kwenye hisa zake, na hapo ndipo dhima yake inapokoma. Lakini soma vizuri maneno hayo: kile alichokiweka, pamoja na kile alichoahidi kuweka akawa hajakiweka. Na hapa karatasi za steshenari zimenishtua kuliko barua yako yote. Hisa 5,000 za laki moja moja zikigawanywa zote kama mlivyopanga, wewe na asilimia 20 zako umechukua hisa 1,000. Hizo ni milioni 100. Umezilipa? Hamna mtu kati yenu mwenye milioni 100. Siku kampuni ikifilisika, mfilisi atafungua daftari la wanahisa, ataona jina lako na hisa 1,000 zisizolipiwa, na ana haki ya kukudai kilichobaki ili awalipe wadai. Mdogo wako ndiye nisiyeweza hata kumfikiria. Ana hisa zake 500, na juu yake za Mjomba 3,000 zilizoandikwa kwa jina lake, jumla 3,500, yaani milioni 350 kwa mtu mwenye kiwanja kimoja Naliendele. Mjomba atakuwa ametoa 30, na jina lake halipo popote. Mtaji mkubwa wa kwenye karatasi haumheshimishi mtu, ni ahadi ya kulipa, na ada ya kusajili nayo hupanda kadiri mtaji unavyopanda. Andikeni mtaji mnaoweza kuulipa.

Kuhusu kuficha jina, mwambie Mjomba kwa adabu kwamba haiwezekani. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2020, kampuni inatakiwa kuitajia BRELA mmiliki manufaa wake, maana yake yule mtu halisi ambaye faida na maamuzi ni yake, hata kama hisa zimeandikwa kwa jina la mwingine. Kutoa taarifa ya uongo hapo ni kosa, na sahihi itakayokuwa kwenye hiyo taarifa itakuwa yako au ya mdogo wako. Acha sheria kidogo, tutazame undugu. Mdogo wako akitangulia mbele ya haki, hisa hizo zitahesabiwa kwenye mirathi yake, na mkewe atasema, na atakuwa na karatasi mkononi, kwamba ni za mumewe. Mjomba atakuja kusema nini kwenye msiba? Kama kazi yake haimruhusu kuwa na hisa, basi asiwe na hisa. Anaweza kuikopesha kampuni kwa mkataba ulio wazi.

Nije kwenye ile karatasi ya benki. Nilipokuwa karani kwenye ofisi ya wakili, miaka mingi iliyopita, alikuja mzee mmoja mfanyabiashara wa ufuta. Cheti cha kampuni yake alikuja nacho kwenye fremu, kakitoa ukutani. Alikuwa anadaiwa, na alikuwa na hakika kwamba kampuni ndiyo iliyokopa. Wakili akafungua ukurasa wa mwisho wa mkataba. Sahihi za mzee zilikuwa mbili. Ya kwanza imekaa juu ya muhuri wa kampuni. Ya pili iko chini peke yake, mbele ya maneno "mimi binafsi". Pembeni ya hiyo ya pili palikuwa na alama ya iksi ya penseli, ndogo, bado inaonekana chini ya wino. Mzee akasema, "Waliniambia nisaini penye alama." Nyumba yake ilikuwa Lindi mjini, karibu na bahari. Iliuzwa.

Hiyo sahihi ya pili ndiyo wanayokuomba. Kampuni inakuwa mtu mwingine, halafu wewe unasimama kuwa mdhamini wa huyo mtu. Akishindwa, unalipa wewe, na sheria haina cha kukutetea kwa sababu umeahidi kwa mkono wako. Silaumu mabenki kuomba dhamana, kampuni changa haina kitu cha kushikwa. Ninachouliza ni kwa nini mdhamini uwe wewe peke yako. Weka ule mgawanyo wa Mjomba mezani pamoja na karatasi ya benki, uvitazame kwa pamoja. Mwenye asilimia 60 hana dhamana hata ya shilingi. Mwenye asilimia 20 ameweka nyumba ya watoto wake. Faida ikija anakula sita katika kumi, hasara ikija unalala nje wewe. Sisemi Mjomba ana nia mbaya, yawezekana hajakaa akayatazama mambo haya mawili kwa wakati mmoja. Mwonyeshe.

Benki zina njia nyingine, na kuomba si kosa. Boila na mashine mpya zinaweza kushikwa kama dhamana ya kampuni. Mzigo ulioko ghalani na stakabadhi yake unaweza pia. Wakishikilia kwamba lazima awepo mdhamini, basi dhamana iandikwe kiwango na muda, kwa mfano isizidi milioni 5 na iishe mkopo huu ukiisha, isiwe dhamana ya kila deni la kampuni la leo na la baadaye. Na kila mwanahisa adhamini kwa kadiri ya hisa zake. Kuhusu nyumba, mwambie mume wako kwamba kauli yake ina nguvu ya sheria. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mmoja wa wanandoa kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaidai ridhaa hiyo kwenye rehani. Ofisa akikwambia mumeo atasaini tu kama shahidi, rudi nyumbani.

Kinga ya kampuni ina adui mwingine, na huyu ndiye ninayemwona zaidi kwetu huku kusini: kuishi na kampuni kama mfuko wa nguo yako. Mteja analipia korosho kwenye namba ya simu ya mkurugenzi. Ada ya mtoto inatoka kwenye fedha ya mzigo. Kampuni inanunua bati, bati linaezeka jiko la nyumbani. Siku ya kesi mdai anaweka miamala mezani na kumwambia hakimu kwamba hapa hakuna watu wawili, ni mmoja. Mahakama haziliinui ovyo pazia la kampuni ili zimshike aliye nyuma yake, zinataka ziuone ulaghai au kampuni iliyotumika kama kinyago, lakini usiwape sababu. Siku ya kwanza tu ya kampuni, lipa namba iwe kwa jina la kampuni. Ukihitaji fedha, uipate kwa mlango unaojulikana: mshahara, gawio (yaani faida wanayogawiwa wanahisa), au mkopo ulioandikwa. Na ukisaini hati ya mzigo, jina kamili la kampuni lenye neno Limited liwepo, chini yake "kwa niaba ya", ndipo jina lako na neno Mkurugenzi. Mnunuzi aliyepewa karatasi yenye jina lako tupu anaweza kusema alifanya biashara na wewe.

Binti aliyeungua: umefanya utu kumtibu. Mkiwa kampuni, mwajiri atakuwa kampuni, na mwajiri anatakiwa kujisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ndio unaomlipa mfanyakazi aliyeumia kazini. Wajibu huo hausubiri kampuni, mnao hata sasa. Lakini usidhani jina la kampuni litamfunika mtu aliyekosa kwa mkono wake. Ukijua mafuta ya maganda yanachoma, ukawanyima kina mama glavu na majivu ya kupaka mikononi, uzembe huo unaweza kukufuata wewe mwenyewe. Kodi nayo hivyo hivyo: sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inawatazama pia wanaoiendesha kampuni, si kampuni peke yake.

Sasa kura, maana asilimia watu huzisikia kama mgao wa faida tu. Mambo ya kawaida ya kampuni hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, na kumwondoa mkurugenzi ni mojawapo. Mwenye 60 anaweza kukuondoa wewe kwenye ukurugenzi wa kiwanda ulichokianza na sufuria, peke yake, kwa kikao kimoja kilichoitishwa kwa utaratibu. Kubadili katiba ya kampuni kunataka azimio maalum, robo tatu ya kura. Mwenye zaidi ya 25 anaweza kulizuia. Wewe umepewa 20. Wenzako wote watatu wakikubaliana wana 80, wanaandika katiba upya nawe umekaa unatazama.

Ningekuwa wewe ningempelekea Mjomba mpango wa namna hii. Kaeni na fundi mthaminishe mashine 12, oveni, meza na mzigo uliopo. Tuseme vimefika milioni 18. Kampuni iwe na hisa 1,000 za shilingi 30,000, mtaji milioni 30, wote umelipwa. Vitu vyenu vya milioni 18 viwape hisa 600: wewe 300, mdogo wako 150, shoga yako 150, au mgawane wenyewe kadiri kila mmoja alivyotia. Mjomba alipe milioni 12 apate hisa 400. Milioni zake 18 zilizobaki ziwe mkopo kwa kampuni, wenye tarehe za kurudishwa, na ulipwe kabla ya gawio lolote kugawanywa. Yeye anapata 40 na bado fedha yake nyingi inarudi hata kampuni isipopata faida kubwa. Wewe una 30, katiba haibadilishwi bila wewe. Bado ujue kwamba yeye na mdogo wako wakishikana wana 55, kwa hiyo andikeni mkataba wa wanahisa unaotaja mambo yasiyofanyika mpaka wote mkubali: kukopa kupita kiasi fulani, kuuza mashine, kumwingiza mwanahisa mpya, kubadilisha wakurugenzi. Mwenye kutaka kuuza hisa awauzie kwanza waliomo. Aliyefariki, warithi wake walipwe thamani ya hisa au waingie kwa masharti mtakayoyaandika sasa mkiwa mnacheka, kabla hamjafika kwenye tanga la mtu.

Kiwanja cha mdogo wako kisiingie kwenye kampuni. Kikigeuzwa hisa kinakuwa mali ya kampuni, na wadai wa kampuni wanaweza kukifikia. Akipangishe kwa mkataba wa miaka, kodi ya pango anapokea kila mwezi, kampuni ikianguka kiwanja bado ni chake. Na kazi yako ya kila siku isihesabiwe ndani ya hisa. Hisa ni za ulichokiacha ndani, jasho la kila siku linalipwa mshahara. Ukurugenzi usio na mshahara ulioandikwa ndio huwafanya watu wachote kwenye droo.

Usidhani nakusukuma kwenye kampuni. Kwa mwaka wa kwanza mtaona gharama zaidi ya faida: mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka anaweza kulipa kodi ya makadirio, kampuni haina nafasi hiyo, inalipa asilimia 30 ya faida na inahitaji mahesabu ya mtaalamu. Kuna taarifa za kila mwaka za kupeleka BRELA, na kampuni isiyozipeleka inaweza kufutwa kwenye daftari. Lakini mtapika kwa mvuke, mnaajiri watu 17, mnapokea fedha za watu kabla ya mzigo. Kwa kazi yenye hatari kama hizo, ningesajili.

Ila kabla ya yote, wiki hii, keti na mdogo wako na shoga yako mwandike karatasi moja kwamba deni la Dar es Salaam ni lenu watatu, milioni 2 kila mmoja, na msaini. Kisha mpigie mnunuzi wewe, usisubiri apige yeye. Mwambie mnataka kuanza kampuni na hamtaki kumkimbia, mwombe awape miezi sita ya milioni moja moja, na akikubali umwandikie siku hiyo hiyo. Karatasi za steshenari zirudishe. Mjomba akifika, mkaribishe, mpe chakula, halafu mpe mpango huu usome kwa sauti mbele ya wote, na mume wako awepo.